Saa Moja Angani, Mchana Kutwa Kufika Somanda

Rubani alitangaza kwamba tutakuwa angani saa moja na dakika kumi. Tiketi zetu zilisema saa moja na nusu. Mama mmoja wa makamo, jirani yangu wa siti, akanigeukia: "Mwanangu, hizo dakika nyingine wamezipeleka wapi?"

Hazijapotea, mama. Muda wa kwenye tiketi huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka ilipoegeshwa, na hukoma inaposimama tena. Kujikokota kwenda kwenye njia ya kurukia na kupanga foleni vimo humo humo.

Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi Mwanza, ukipiga mstari ulionyooka, ni kama kilomita 850. Jeti ikishakaa sawa hukimbia takriban kilomita 800 kwa saa, kwa hiyo hesabu ya rubani ilikuwa sahihi. Ukipangiwa ya mapangaboi, ongeza dakika kadhaa. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga.

Tukatua Mwanza kabla jua halijawa kali. Hapo ndipo safari yangu ilipoanza kwenda taratibu.

Stendi ya Buzuruga nilikuta gari la Bariadi linaita abiria. "Siti mbili tu, kaka, tunaondoka!" Siti hizo mbili zilibaki mbili kwa muda ambao ungeitosha ndege kurudi Dar. Mpiga debe hakuona haya hata kidogo; kila abiria mpya alimwapia vilevile.

Kutoka Mwanza hadi Bariadi, kunguru angeruka kilomita 120 hivi. Gari letu lilikwenda karibu 190, kwa sababu barabara kwanza inapanda kaskazini mashariki kuifuata Ghuba ya Speke. Tukavuka Mto Simiyu, uliotoa jina la mkoa ambamo Bariadi imo, ulioanzishwa mwaka 2012, ziwa likawa linajitokeza na kujificha mkono wa kushoto. Lamadi, karibu na lango la Ndabaka la Serengeti, tukaiacha barabara ya Musoma na kukunja kulia, tukawa tunarudi kusini. Lami hiyo ya kilomita sabini na kitu ndiyo niliyoipenda: mashamba ya pamba pande zote, na kwenye kituo kimoja vijana wawili wakishindilia pamba guniani, mmoja amesimama ndani ya gunia akiikanyaga kwa miguu, kichwa na mabega tu ndivyo vinaonekana, nyuzi nyeupe zimemganda kwenye nywele.

Jua lilikuwa limeinama niliposhuka Somanda, Bariadi. Shemeji alinipokea begi kwa "Mwadila!" kisha akauliza nitarudi lini na kwa usafiri gani. Nikamwambia nimeshakata tiketi ya ndege ya jioni, hivyo nitatoka hapa na gari la alfajiri nisije nikaikosa.

Akacheka. "Ukitoka alfajiri hiyo hiyo na basi la Dar kupitia Maswa, saa ndege inaruka wewe umeshaipita Singida."

"Lakini nitafika Dar kabla ya basi."

"Utafika. Na nauli je?"

Nikamwomba maji ya kunywa kwanza.