Kipya Kinyemi, Lakini Kazi Yataka Nini?



Wahenga wetu walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Maneno hayo tuliyakumbuka mara nyingi siku hizi, pale nyumba yetu ilipohitaji kompyuta na rai zikagawanyika: huyu ataka mpya ya dukani, yule ataka kuukuu iliyotoka katika ofisi za Ulaya. Twayaandika haya kwa kuwa twajua nyumba nyingi zimo katika mashauri hayo hayo, hasa watoto wanapoingia vyuoni, na kwa kuwa mara nyingi pesa zinazotumika ni za mama.

Kwetu hali ilikuwa hiyo. Binti yetu asomea usanifu wa majengo. Programu anayofundishwa, iitwayo Revit, huijenga nyumba nzima ndani ya skrini: msingi, kuta, madirisha na paa. Matoleo yake ya sasa yataka RAM ya GB 16 kwa uchache, na laptopu yake ilikuwa na GB 4. Fedha zilizokuwapo ni Sh 50,000, zamu ya mama yake katika chama cha akina mama, alizozichangia kutokana na mahamri na viazi vya karai anavyovipika kabla ya alfajiri. Na tuseme wazi: mali ya mke ni yake. Kutoa alitoa kwa hiari, na uamuzi ulikuwa wake. Sisi kazi yetu ilikuwa kushauri.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, kununua mpya kwa taslimu. Kwa kiasi kile tulionyeshwa mashine nzuri kwa sura, ndani ya sanduku lisilofunguliwa, lakini RAM yake ilikuwa nusu ya ile inayotakiwa na prosesa yake ni ya kuandikia barua. Ni mpya kwa umri, dhaifu kwa kazi.

Ya pili, kuchukua mpya yenye nguvu kwa malipo ya kidogo kidogo. Hapa pana jambo la dini ambalo wengi hulichanganya. Kuuza kwa malipo ya muda kwa bei iliyo juu ya ile ya taslimu, bei hiyo ikiwa imekatwa na kujulikana tangu siku ya mkataba, maulamaa walio wengi wamekujuzisha. Lakini mkataba tuliopewa tuusome ulikuwa na sharti kwamba mnunuzi akichelewa, deni huzidi kila wiki mpaka alipe. Ziada hiyo juu ya deni ndiyo riba yenyewe, na mwenye kutia saini ameiridhia kabla haijamfika. Tulimweleza mama watoto, akaurudisha mkataba mezani, akasema, “Mahamri yangu hayakuniamsha saa tisa za usiku nije kuyatia humu.”

Ikabaki ya tatu: kompyuta ya kazi nzito iliyokwisha tumika, ambayo mafundi huiita wakisteshoni. Mashine hizi, mfano Dell Precision, HP za jamii ya Z na Lenovo ThinkStation, zimeundwa kwa ajili ya wahandisi, wasanifu na watengenezaji filamu. Chuma chake ni kizito, nyingi hufunguka ubavu bila bisibisi, na nyingine hutumia RAM ya aina inayoweza kusahihisha makosa yake yenyewe. Makampuni huzibadilisha baada ya miaka michache, nazo huuzwa hali zingali na nguvu. Ndiyo maana mtu huipata kwa bei ndogo mashine ambayo ilipokuwa mpya asingeweza hata kuiulizia.

Lakini bei ya dukani si bei yote. Gharama ya kwanza ni umeme. Mashine inayokula wati 100 humaliza uniti moja ya tokeni kwa saa kumi. Ile ya wati 25 huichukua saa arobaini kuimaliza uniti hiyo hiyo. Wakisteshoni za zamani, hasa zenye prosesa mbili, huweza kuzipita wati 100 hata zikiwa na kazi ndogo. Gharama ya pili ni spea. Katika nyingi ya mashine hizi, pawasapulai na bodi yake kuu vina umbo la kampuni iliyoziunda, na kikiungua kimoja, cha duka la jirani hakiingii.

Ya tatu ndiyo iliyokata shauri. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa prosesa za Intel Core, huanzia kizazi cha nane. Tulioneshwa Dell Precision T5810, mashine ya mwaka 2014, kwa bei ya kuvutia sana. Hiyo haimo katika orodha. Precision 3630 ya mwaka 2018 imo. Kwa mwenye kuandika na kusoma tu, ile ya 2014 ingemfaa kwa mfumo wa bure kama Ubuntu. Lakini Revit haifanyi kazi ila ndani ya Windows, na masomo ya binti yamebakiza miaka mitatu.

Sasa ikaja kazi ya kuikagua. Wasomaji wetu waijua habari ya Mtume (S.A.W.) alipolipita rundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua iliyolinyeshea. Mtume akamuuliza mbona hakuuweka ule unyevu juu watu wauone. Twaona kwamba mkono ule una mafunzo kwa mnunuzi pia: usitosheke na juu ya rundo. Kompyuta ya mtumba ifunguliwe ubavu. Tazama kutu, kwani hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma. Tazama feni kama yazunguka bila kukoroma. Uliza kama imefungwa kwa nywila ya mwenyewe wa kwanza. Kisha iwashwe, itiwe mchoro mzito, iachwe saa nzima ifanye kazi mbele ya macho yako.

Duka la kwanza lilikataa kuifungua, tukashukuru tukaondoka. La pili lilikubali, ingawa ukutani palibandikwa tangazo kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Mama watoto akauliza, “Na ikizima kesho, nani wa kutujibu?” Swali hilo lina jibu katika fiqhi. Tangazo halimwondolei muuzaji dhima ya aibu aliyoijua akaificha. Mnunuzi ana khiyari ya kuirudisha. Na juu ya hilo, katika madhehebu yetu ya Shafii, wawili wanaweza kushartiana khiyari isiyozidi siku tatu. Tuliiomba, muuzaji akairidhia, ikaandikwa nyuma ya risiti.

Precision 3630 ilinunuliwa kwa Sh 42,000, ikiwa na RAM ya GB 16 na kadi yake ya picha. Katika masalio, akanunua diski mpya ya SSD, kwani diski ndicho kiungo ambacho hatushauri mtu akirithi. Ile ya zamani tuliagiza ifutwe kabisa pasi na kuchunguliwa, maana siri za wenyewe ni amana hata zikija kwa mtumba. UPS tulinunua sisi, ili umeme ukikatika binti apate dakika za kuhifadhi mchoro wake.

Hatusemi kuukuu ni bora siku zote. Mwenye kazi ndogo, mwenye kuhitaji kuibeba, au asiye na fundi mwaminifu wa karibu, mpya iliyo ndogo yamtosha na humpunguzia mashaka. Tunalosema ni kwamba umri wa mashine ni swali la mwisho. La kwanza ni kazi gani itafanya na kwa miaka mingapi. La pili, itakula nini kila mwezi. La tatu, muuzaji yu radhi kuifungua? Anayejibiwa matatu haya ataweza kuchagua kwa utulivu, na jasho la mama halitapotea.

Allah atupe uaminifu katika kuuza na macho katika kununua. Wabillahi tawfiq.