Kidatu: Penye Reli Mbili na Amana Moja

Oktoba 2024, mamia ya magari ya Land Rover, mapya kwa makuukuu, yalikusanyika Arusha katika tamasha lililovutia watu wa rika zote. Furaha ile ilitufikirisha. Gari la miaka hamsini haliendi kwa bahati. Huenda kwa sababu upo mkono ulioliangalia. Ndipo tulipoazimia kuwapeleka watoto wetu Kidatu, waone vyombo vya zamani ambavyo havikuwekwa kwa ajili ya maonyesho, bali kwa kazi.

Tulisoma dua ya safari, tukafika Mikumi, tukaiacha barabara kuu ya Iringa na kuelekea kusini. Milima ya Udzungwa ilisimama upande wa kuume, na mashamba ya miwa yakatupokea. Kidatu tuliswali Adhuhuri na Alasiri pamoja, rakaa mbilimbili, kwa rukhsa ya msafiri.

Hapo ndipo reli mbili zinapokutana. Moja yatoka Kilosa, tawi la Reli ya Kati iliyoanzwa na Wajerumani mwaka 1905. Upana wake ni milimita 1,000. Ya pili ni TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Upana wake ni milimita 1,067, ili mabehewa yaweze kuingia katika reli za kusini mwa Afrika. Tofauti ni kama upana wa vidole vinne tu, lakini yatosha kulizuia behewa lisipite. Shehena haina budi kushushwa na kupakiwa upya.

Mwaka uleule wa 1975, maji ya Ruaha Mkuu yalianza kuzungusha mitambo ya umeme ya Kidatu, ambayo leo ni minne, yenye jumla ya megawati 204. Reli na bwawa, basi, ni marika.

Vijana walioajiriwa wakati huo sasa ni wazee wastaafu, na wengine wametangulia mbele ya haki. Kipuri hununuliwa, sikio la fundi linalotambua maradhi ya injini kwa mlio wake haliuzwi dukani. Mzee wa namna hiyo akiondoka bila kumrithisha kijana, huzikwa pamoja na chuo kizima. Nasi tumefundishwa na Mtume (s.a.w.) kwamba elimu yenye manufaa ni miongoni mwa mambo yasiyokatika thawabu zake baada ya mauti.

Ndugu wazazi, likizo ijayo wapelekeni watoto wakaone reli, bwawa na mashamba ya Kilombero. Na kabla ya safari hiyo, wapelekeni kwa babu aliyewahi kushika spana. Wakae karibu naye, waulize, wasikilize. Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya, na vijana wetu subira ya kujifunza. Amin.