Jenereta ya Pwani, Baridi ya Chepkoilel

Shemeji alikuwa amenunua jenereta ya mtumba Mombasa, ya dizeli, silinda moja, kVA 5. Changamwe niliiona kwa macho yangu ikinguruma kwa mvuto mmoja wa kamba. Ilipofika shambani kwake ikawa inawaka adhuhuri na kugoma alfajiri, na alfajiri ndiyo saa ya mashine ya kukamulia. Akanipigia simu: "Shemeji, wewe ndiwe fundi wa injini, njoo uione." Nikapanda basi la usiku. Magharibi ya Nairobi sikuwahi kufika.

Baada ya Nakuru barabara ni kupanda tu. Karibu na Timboroa tulivuka ikweta, na kinyume na nilivyotarajia, hapo ndipo abiria walipojikunyata kwa baridi. Reli ya eneo hilo hupita kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,700. Burnt Forest ikapita, tukateremka Eldoret, na bado tulikuwa juu ya mita 2,000. Kwenye steji ya Ziwa nikapata matatu iliyonishusha Chepkoilel, langoni mwa Chuo Kikuu cha Eldoret. Kabla ya kupata hati ya chuo kikuu mwaka 2013, pahali hapa palianza mwaka 1946 kama kituo cha kuwafunza wakulima wa mashamba makubwa. Ngano na mahindi bado ni mali ya eneo hili, na mafundi wengi wameujua ufundi wa dizeli kwenye matrekta.

Mmoja wao, mzee mpole, alikuwa ameshaitwa na shemeji. Alfajiri, kwenye nyuzi kama 10, alinitaka nivute kamba huku yeye akitazama ekzosi. Moshi mweupe ukatoka kwa vikohozi.

"Kijana, huo moshi ni dizeli isiyoungua," akasema. "Kwa hiyo mafuta yanafika."

Hata hivyo alilegeza nati ya bomba kwenye nozeli. Dizeli ikaruka safi, bila mapovu wala maji. Tangi, filta na pampu vikaondolewa lawama. Akapima nafasi za valvu, zilikuwa sawa. Kisha akaniambia nivute kamba polepole. Ilipaswa kukaza mkononi pistoni inapopanda. Ikapita laini.

Dizeli haina plagi ya cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na injini nzima huifikisha hewa hiyo kwenye nyuzi zaidi ya 500. Pwani hewa huingia ikiwa nzito na ya moto, kwa hiyo hata ringi zilizolika hufaulu. Chepkoilel shinikizo la hewa ni kama asilimia 78 ya lile la baharini, na asubuhi chuma chenyewe ni baridi. Kidogo kinachovuja kando ya pistoni ndicho kilichohitajika. Adhuhuri, chuma kikipata jua, upungufu huo hufichika.

Mzee akamimina kijiko kimoja cha oili kwenye njia ya hewa. Zaidi ya hapo ni hatari, akaonya, kwa sababu oili haibanwi na pistoni inaweza kupindisha mkono wake. Nikavuta: kamba ikakaza, injini ikashika, ikatoa moshi wa buluu. Oili ilikuwa imeziba pengo, na hapo ugonjwa ukajulikana: ringi zimekwisha.

Tulizinunua mjini Eldoret, tukazifunga na kusafisha filta ya hewa iliyojaa vumbi la shamba. Kesho yake alfajiri ikawaka.

Shemeji akataka kuiunganisha mashine ya kukamulia na ya kukatia majani kwa pamoja. Mzee akamzuia. Injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa hiyo kVA 5 za Mombasa hapa ni kama 4. Wakakubaliana ng'ombe wakamuliwe kwanza, majani yakatwe baadaye.