Kibati: Kijana wa chukudu na bingwa aliyeanza kwa kuanguka

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, chukudu zinashuka toka Kibumba, zinapita Kibati na kuelekea Goma. Zinabeba makala, viazi, kabichi na mbao. Kushuka si kazi kubwa: mwenye chukudu anapiga goti moja juu ya ubao, anashika usukani, na mguu mwingine unakanyaga kipande cha mpira ambacho ndicho breki yake. Kazi iko kwenye kurudi. Barabara ile ile iliyomteremsha haraka inamdai jasho hadi juu, anasukuma kwa mikono miwili, chukudu ikiwa tupu au ikiwa na bidoni za maji.

Kijana mmoja wa Kibati, mwenye miaka 23, anaijua barabara hiyo kwa miguu yake. Asubuhi anasukuma chukudu. Jioni, siku tatu kwa wiki, anafanya mazoezi ya ngumi mjini Goma. Glovu si zake. Klabu ina chache tu, na vijana wanapokezana. Anayemaliza anazivua zikiwa bado na joto na kumpa anayefuata.

Alizaliwa Kibumba. Mwezi wa kumi mwaka 2008, vita ilipofika kwao, alikimbia na mama yake akiwa ameshika pindo la kikwembe chake. Walilala Kibati katika hema, pamoja na maelfu ya watu wengine. Baadaye wakapata kiwanja kidogo, wakabaki. Mwezi wa kumi na moja 2012 wakakimbia tena, siku zile M23 ilipopita Kibati na kuingia Goma. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, wakakimbia na godoro moja. Mwishoni mwa 2022 vita ikarudi, wakateremka hadi Kanyaruchinya na kukaa chini ya sheti kwa zaidi ya miaka miwili. Mwanzoni mwa 2025, baada ya Goma kubadilisha mikono, kambi zilibomolewa, nao wakapanda tena Kibati. Nyumba haikuwa na mabati wala mlango.

Ni katika miezi hiyo ya kujenga upya kijana alipopanda ulingoni mara ya kwanza mbele ya watu. Alikuwa ameuza makala wiki nzima ili apate viatu. Raundi ya kwanza haikuisha. Ngumi moja ya kulia ilimpata kidevuni, akajikuta anatazama taa za juu na kusikia watu wakicheka. Alirudi Kibati kwa miguu usiku ule. Kwa wiki mbili hakukanyaga klabu.

Kocha wake ndiye aliyepanda kumtafuta. Alimkuta nyuma ya nyumba, anapasua mawe ya lava kwa ajili ya msingi. Mzee huyo hakuanza na maneno ya kumtia moyo. Alimuuliza swali moja: "Mtoto yangu, unajua pambano la kwanza la Ilunga Makabu liliishaje?"

Kijana alijua jina. Nani katika Kongo anayependa ngumi asiyelijua? Ilunga Makabu, anayeitwa pia Junior, mzaliwa wa Kananga huko Kasai, mtu wa mkono wa kushoto, bingwa wa dunia. Alimjua akiwa na mkanda kiunoni. Mwanzo wake hakuujua.

Mwanzo ulikuwa hivi. Makabu aliondoka nyumbani kutafuta maisha ya ngumi Afrika Kusini. Mwaka 2008, mwaka ule ule kijana wa Kibati alipokimbia Kibumba, alipigana pambano lake la kwanza la kulipwa. Alipigwa akashindwa katika raundi ya kwanza. Kwa mabondia wengi, karatasi inayoanza hivyo inaishia hapo. Mapromota hawaipendi. Makabu alirudi mazoezini, na baada ya hapo akashinda mapambano 19 mfululizo, karibu yote kwa kumuangusha mpinzani. Mwaka 2015, mjini Durban, alikuwa nyuma kwa pointi mbele ya Thabiso Mchunu, fundi wa kukwepa. Akavumilia hadi raundi ya 11, ndipo mkono wa kushoto ukapata njia.

Ushindi ule ulimfungulia mlango wa mkanda wa WBC katika uzito wa kruza, ule usiozidi kilo 91. Tarehe 29 Mei 2016 alipelekwa Liverpool, Uingereza, katika uwanja wa mpira wa Goodison Park, kupigana na Tony Bellew, mtoto wa mji ule na shabiki wa timu ya uwanja ule. Uwanja mzima ulikuwa wa Bellew. Katika raundi ya kwanza Makabu alimuangusha chini, na kwa dakika chache ilionekana kwamba mtu wa Kananga atawanyamazisha wote. Raundi ya tatu mambo yakageuka. Bellew alimbana kwenye kamba, akampiga mfululizo, na safari hii aliyelala chini alikuwa Makabu.

Miaka minane ya kupanda, na kuanguka kwa dakika chache. Kocha alisimamia hapo kwa muda, akichokora udongo kwa kijiti.

Makabu alianza tena. Hakuna aliyemletea nafasi nyumbani, akaifuata mbali. Mwaka 2019 alikwenda Urusi mara mbili katika miezi mitatu. Mwezi wa sita alimsimamisha Dmitry Kudryashov katika raundi ya tano. Mwezi wa nane alimshinda Aleksei Papin kwa pointi, mjini Yekaterinburg, mbele ya watu wa Papin. Ndipo mkanda ulipokuwa wazi, na pambano likaletwa Kinshasa.

Ilikuwa tarehe 31 Januari 2020. Wazee wa Kinshasa bado wanasimulia usiku wa 1974, Muhammad Ali alipomuangusha George Foreman. Lakini wale walikuwa wageni. Sumbu Kalambay, mzaliwa wa Lubumbashi, alichukua ubingwa wa dunia mwaka 1987, lakini aliuchukua Italia, akiwa raia wa huko. Makabu alikuwa Mkongomani katika mji mkuu wa Kongo. Mpinzani wake, Michał Cieślak kutoka Poland, hakuja kutembea. Wote wawili walianguka usiku ule, na wote wawili waliinuka. Baada ya raundi 12 majaji wakampa Makabu ushindi. Kutoka ile raundi ya kwanza ya 2008 hadi mkanda, ilikuwa karibu miaka 12.

"Na sasa anao bado?" kijana aliuliza.

Kocha hakumdanganya. Makabu aliutetea mkanda mbele ya Olanrewaju Durodola wa Nigeria, tena Kinshasa, na mbele ya Mchunu yule yule, safari hii Marekani. Mwezi wa pili 2023, huko Saudi Arabia, Badou Jack alimsimamisha katika raundi ya mwisho, ya 12. Mkanda ukaenda. Mdogo wake, Martin Bakole, anapigana katika uzito wa juu, naye yuko katika mlima wake mwenyewe.

Mama alikuwa mlangoni, akisikiliza huku anachambua maharagwe. Alisema bila kuinua macho: "Weye ulianguka mara moja tu. Sisi huku tumeanguka mara ngapi? Na nyumba tunajenga."

Kocha alicheka. Kijana hakucheka. Aliendelea kupasua mawe mpaka giza likaingia.

Wiki iliyofuata alirudi klabu. Baada ya miezi kadhaa alipanda tena ulingoni, na ingekuwa vizuri kusema kwamba alishinda. Alishindwa kwa pointi. Lakini raundi zote tatu alizimaliza akiwa amesimama, na ya tatu, kwa maneno ya kocha, ilikuwa yake. Mshindi alikuja kumkumbatia. Hakuna aliyecheka.

Asubuhi iliyofuata alishusha magunia mawili ya makala, jicho moja likiwa limevimba. Akauza, akanunua kilo moja ya misumari, akaifunga juu ya chukudu. Kisha akageuza usukani kuelekea Nyiragongo, akainamisha kichwa, akaanza kusukuma. Nyumbani mabati yalikuwa yanamngoja, na kabla ya mvua ilibidi yapigiliwe.