Anachojua Mchunga Ng'ombe

Kuna kikundi cha wanafalsafa kumi kinachojiita The Cowherds, yaani Wachunga Ng'ombe. Si bendi. Ni wasomi wa falsafa ya Kibudha, na mwaka 2011 walitoa kitabu, Moonshadows, kikiwa na jina hilo moja kwenye jalada. Kama umeona wasomi wakigombania jina la nani litangulie, hiyo peke yake inatosha kukufanya ukifungue. (Kati ya hao kumi mwanamke ni mmoja tu, Bronwyn Finnigan. Hilo nalo niliona.)

Jina lina asili yake India ya kale. Wabudha wa mkondo wa Madhyamaka, ule wa Nagarjuna, husema kuna ukweli wa aina mbili: ule wa mwisho, kwamba hakuna kitu chenye kiini chake chenyewe, na ule wa kawaida, wa ng'ombe, chai na kodi ya nyumba. Kwa Candrakirti, wa karne ya 7, huu wa pili ni ule unaokubaliwa na ulimwengu, unaojulikana hata na mchunga ng'ombe. Hapo ndipo wasomi wanapokabana mashati. Tom Tillemans anauliza, kwa maneno yangu: kama ukweli ni kile watu wanachokubali, siku wote wakikosea nani atawarekebisha, na kwa kutumia nini? Jay Garfield, akimfuata Tsongkhapa wa Tibet, anasema hata katika mambo ya kawaida kuna njia za kujua zinazoaminika na zisizoaminika, kama vile kuna macho mazima na macho magonjwa.

Niliyasoma haya wakati ukoo wetu ulikuwa unajiandaa kumfukuza mama mkubwa.

Baba mkubwa alifariki. Miezi michache baadaye ng'ombe wawili wa baba mdogo wakafa wiki moja, na kuanzia hapo ikawa "kila mtu anajua" mama mkubwa ni mchawi. Hakuna aliyesema ameona kitu. Kila mtu anajua, basi. Na shamba lake, ekari moja na nusu karibu na barabara, likaanza kutajwa kwenye grupu ya WhatsApp ya familia kana kwamba halina mwenyewe. Kama ukweli ni hesabu ya wanaoitikia, alikuwa ameshashindwa.

Georges Dreyfus, mmoja wa wale kumi, alisoma na watawa wa Kitibeti kwa miaka mingi hadi akapata shahada yao ya geshe. Kwenye mijadala yao anayeuliza husimama na kupiga kofi kila anapotupa hoja. Anayejibu huketi, na majibu yake ni machache: nakubali, kwa nini?; sababu haijathibitika; haifuati. Hakuna "wewe ni mtoto." Hakuna "heshimu wazee." Sitaki kuwapamba, maanake kundi la kwanza la watawa wa kike wa Kitibeti lilipewa shahada hiyo 2016 tu. Lakini hayo majibu nilienda nayo nyumbani.

Kikao kilikuwa Aprili. Mimi ndiye mdogo, kwa hivyo kazi yangu ilikuwa chai. Baba mdogo alipomaliza maelezo, nikasema, "Samahani baba mdogo, hiyo haifuati."

"Nini haifuati?"

"Kwamba baba mkubwa alikufa, halafu ng'ombe wakafa, kwa hivyo ni yeye."

Shangazi mmoja akaguna. Mwingine akasema ati shule imeniharibu.

Aliyegeuza kikao si mimi. Mama mkubwa, aliyechunga ng'ombe tangu utotoni na ambaye hakuna aliyekuwa amempa nafasi ya kusema, aliuliza: matezi chini ya masikio yalikuwa yamevimba? Baba mdogo akanyamaza kidogo. Ndiyo. Walikuwa wakipumua kwa shida, na povu puani? Ndiyo. Na dawa ya kupe mliwanyunyizia lini mara ya mwisho?

Kimya.

"Ndigana," akasema, akajimiminia chai mwenyewe.

Kumbe anachojua kila mtu na anachojua mchunga ng'ombe si kitu kimoja, na nadhani wanaovichanganya wamemsoma Candrakirti vibaya. Mchungaji hupima. Anashika matezi.

Hakuna aliyemwomba msamaha. Kikao kiliahirishwa hadi Desemba, na hati ya shamba bado iko kwa baba mdogo.