Barua kutoka Matlab

Dada Rukia,

Niko Matlab, Bangladesh. Kutoka Dhaka ni kama kilomita 55 tu, ila foleni ya kule ukiiona hutailalamikia tena ya Dar. Hapa ni maji kila upande: mto Dhonagoda, madimbwi nyuma ya nyumba, na hospitali ya utafiti wa kolera iliyoanza miaka ya 1960. Vitanda vyake vina tundu katikati na ndoo chini, ili muuguzi ajue mgonjwa amepoteza maji kiasi gani.

Basi wenyeji wangu wakanionyesha tone la maji ya dimbwi kwenye darubini. Kidudu cha jamii ya kamba, kidogo kuliko punje ya mchele, kilikuwa kikirukaruka humo. Gamba lake lina kitini, kitu kilekile kilichomo kwenye magamba ya kamba unaowamenya wewe kila siku. Bakteria wa kolera hung'ang'ania gamba hilo na kulila.

Sasa sikia umbea wenyewe. Bakteria wa kolera wa aina inayoleta milipuko, akilishwa mchuzi wa kawaida wa maabara, hukaa na jirani zake bila ugomvi. Mpe kitini, na wenzake wakiwa wengi, anatengeneza kitu kama mkuki na kumchoma anayegusana naye. Ndugu wa ukoo wake hawadhuriki, wana protini ya kujikinga. Mgeni hupasuka, vinasaba vyake vikamwagika, na muuaji akavibeba kuwa mali yake. Watafiti wa Lausanne, Uswisi, walilionyesha hilo mwaka 2015. Ukimwongezea glukosi, uwezo wa kubeba vinasaba hivyo unazimika. Yaani ugomvi na amani vyote vinategemea kilichopo mezani.

Usidhani ni mambo ya maabara tu. Mwaka 1992 ilizuka India kolera mpya, O139, ikaingia na huku Bangladesh. Ganda lake la nje lilikuwa tofauti, hivyo hata watu wazima waliokuwa na kinga ya kolera ya zamani waliugua. Huenda ilitokana na kubeba vinasaba kwa njia hiyohiyo: mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwakuza bakteria wa zamani juu ya kitini, wakawapa vinasaba vya O139; baadhi yao walibadilika ganda.

Ili kujikinga na kolera, wanawake wa vijiji vya hapa walifundishwa kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara nne. Vile vidudu hunaswa pamoja na bakteria waliovipanda, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2003 yalionyesha kolera ilipungua karibu nusu. Sari ilichaguliwa kwa sababu kuni za kuchemshia maji huku ni adimu. Wewe una jiko la gesi, kwa hiyo usiniharibie kanga: chemsha maji.

Msalimie shemeji na watoto.

Mdogo wako,
Salim