Mchekeshaji wa Watoto Aliyeficha Kifafa

Akina mama wenzetu, watoto wanapenda maneno ya upuuzi. Huku kwetu Chunyu, pande za Nachingwea na Ruangwa, jioni tukimenya karanga wanatunga habari za kuku aliyevaa viatu, na bibi naye anacheka. Tusiwakemee. Mtoto anayecheza na maneno anajifunza lugha.

Waingereza wa enzi ya Malkia Victoria waliutia upuuzi huo vitabuni. Kiswahili kilipata fungu lake mwaka 1940, kitabu cha Lewis Carroll kilipotoka kwa jina la *Elisi katika Nchi ya Ajabu*, na michoro yake inamwonyesha Elisi kama binti wa Kiafrika. Lakini aliyemtangulia Carroll ni Edward Lear, aliyetoa mashairi yake ya upuuzi mwaka 1846.

Tukiwaonyesha watoto wa shule ya Jumapili mashairi hayo, kicheko huanzia kwenye picha. Kila shairi lina mistari michache, na Lear mwenyewe amelichorea. Mzee ana ndevu nyingi, na bundi na kuku wamejenga viota ndani yake! Maneno yanasema jambo lisilowezekana kana kwamba ni la kila siku, na mchoro unashuhudia. Mwishoni hakuna onyo wala fundisho. Ila tazameni vizuri: mara nyingi wapo majirani wanaomshangaa aliye tofauti, hata kumpiga.

Hofu hiyo Lear aliijua. Kifafa kilimwanza utotoni, akakificha hadi alipofariki mwaka 1888. Kila kilipomshika alitia alama ya msalaba katika shajara yake. Aliyemlea ni dada yake mkubwa, Ann, ambaye pia alimfundisha kuchora. Kwa mkono huohuo, mwaka 1846, Lear alimfundisha Malkia Victoria kuchora.

Sisi wauguzi tunaletewa watoto walioungua kwenye mafiga kwa sababu walipoanguka watu waliogopa povu, wakakimbia. Mama mpendwa, kifafa hakiambukizwi kwa povu wala kwa mate. Mtoto akianguka, mwondoe karibu na moto au maji. Mlaze ubavu, umwekee kitu laini chini ya kichwa. Usimtie kijiko kinywani, wala usimbane kwa nguvu. Degedege likipita dakika tano, mkimbize hospitali. Dawa aliyoandikiwa anywe kila siku. Asiiache kwa kuwa amepata nafuu, mpaka daktari aseme.

Kisha tusimfungie chumbani wageni wanapokuja. Aende shule, acheze na wenzake, apewe penseli na karatasi. Ann hakuweza kumponya mdogo wake, lakini alimpa kazi ya mikono iliyomlisha maisha yake yote. Hilo nasi tunaliweza, hata kwa mkaa na kipande cha boksi.